Kuandika Elimu Kwenye Jina: Lini Inafaa, Lini Haifai

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Kila sifa njema anastahiki Allah (s.w.), Mola aliyetujaalia masikio, macho na akili ya kujifunzia. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu wanafunzi na wazazi, katika mitaa yetu, kuanzia Mbagala na Tandika hadi Manzese na Mwananyamala, majina yamerefuka. Soma vibao na matangazo njiani: Daktari, Profesa, Injinia, Sheikh, Al-Haji. Hata kwenye kadi za michango ya harusi, jina la mjumbe wa kamati hutanguliwa na cheo na kufuatiwa na shahada. Wazazi huuliza: kijana wetu akihitimu, aandike elimu yake kwenye jina, au hiyo ni riya? Tulitazame jambo hili kwa sehemu nne.

1. MAANA YA SHAHADA

Neno shahada tunalijua tangu utotoni. Ni neno la Kiarabu lenye maana ya ushahidi, na ndilo hilo hilo tunaloliita cheti cha chuo kikuu. Chuo kinashuhudia mbele za watu kwamba fulani amesoma jambo fulani na amefikia kiwango fulani. Basi mwenye kuandika shahada kwenye jina lake anatoa ushahidi. Na ushahidi una masharti: uwe wa kweli, utolewe panapohitajika, wala usizidishwe.

Wanavyuoni wetu walilijua hili kabla ya vyuo vikuu kufika pwani hii. Mwalimu akimpa mwanafunzi ijaza, alitaja kitabu alichomsomesha na walimu alioipokea elimu hiyo kwao. Sheikh Abdallah Saleh Farsy (1912–1982), aliyekuwa mwalimu wa skuli Unguja kisha Kadhi Mkuu wa Kenya kuanzia 1968, aliandika kitabu juu ya wanavyuoni wa Kishafii wa Afrika Mashariki. Humo mwanachuoni anatambulishwa kwa walimu aliosoma kwao na wanafunzi aliowasomesha. Yaani swali lilikuwa: umesoma nini, kwa nani, na umemfaa nani?

2. PANAPOFAA KUTAJA

Nabii Yusuf (a.s.) alimwomba mfalme wa Misri amweke juu ya hazina za nchi, akajieleza kuwa ni mlinzi mwenye ujuzi (Surat Yusuf, aya ya 55). Hakujisifu. Miaka ya njaa ilikuwa inakuja, na watu wangeangamia kama kazi ile angepewa asiyeijua.

Hivyo, anayeomba kazi ataje elimu yake yote. Daktari aandike kwenye kibao cha zahanati, na mwalimu kwenye barua yake kwa shule. Mama aliyembeba mtoto mwenye homa usiku ana haki ya kujua anayemtibu ni nani. Mkunga akificha elimu yake kwa kudai unyenyekevu, na mzazi akaenda kwa asiyejua, unyenyekevu huo haukumfaa mtu. Tukumbuke pia kwamba kazi nyingine zinahitaji usajili juu ya cheti cha chuo. Mhandisi husajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, na daktari na Baraza la Madaktari.

3. PASIPOFAA

Surat An-Najm, aya ya 32, inatukataza kujitakasa wenyewe. Imam Muslim amepokea hadithi ya watu watatu wa mwanzo kuhukumiwa Siku ya Kiyama. Mmoja wao ni aliyesoma ili aitwe mwanachuoni. Aliitwa hivyo duniani, basi malipo yake yakaishia huko. Na Nabii Musa (a.s.) alipoulizwa nani mjuzi zaidi akajitaja mwenyewe, Allah (s.w.) alimtuma kwa mja mwingine akajifunze, kama ilivyo kwa Bukhari.

Basi msibani, kwenye safu ya swala na kwenye kadi ya harusi, shahada haina kazi. Rais wetu wa kwanza alipata shahada Edinburgh mwaka 1952, na baadaye vyuo vikuu mbalimbali vikampa udaktari wa heshima. Jina lililobaki midomoni mwa watu ni Mwalimu, yaani kazi aliyoifanya.

Alama ya riya ni hii: ukiitwa kwa jina lako tupu, moyo unanuna? Kama unanuna, shahada imekuwa pambo, si ushahidi tena.

4. PALIPO HARAMU

Mtume (s.a.w.) alimfananisha anayejionyesha kuwa na kitu asichopewa na mtu aliyevaa nguo mbili za uongo (Bukhari na Muslim). Mwaka 2017 uhakiki wa vyeti vya kidato cha nne, cha sita na ualimu ulibaini watumishi wa umma 9,932 wenye vyeti vya kughushi, wakaondolewa kazini. Nyuma ya kila mmoja kulikuwa na familia iliyotegemea mshahara ule. Haya ndiyo mavuno ya ushahidi wa uongo, na hesabu ya Akhera bado.

Uongo mwingine ni mdogo kwa umbo. Mwenye stashahada huandika shahada. Aliyepewa shahada ya heshima huiandika kama aliyoisomea. Aliyeacha chuo mwaka wa pili hujiita mhitimu. Na hapa madrasa, aliyehifadhi juzuu tano akiitwa Al-Hafidh, asinyamaze. Aseme: “Bado, niombeeni dua.” Kunyamaza ukisifiwa kwa usilolifanya ni katika yale yaliyokemewa kwenye Surat Aal Imran, aya ya 188. Mimi mwandishi nina stashahada ya masomo ya Kiislamu. Atakayenitangaza kwa zaidi ya hapo ninamwomba asahihishe.

HITIMISHO

Kabla ya kuandika elimu kwenye jina, jiulize mambo matatu: Je, ni kweli kama ilivyoandikwa? Je, anayesoma anaihitaji? Je, nikiifuta kuna atakayedhurika, au ni nafsi yangu tu itakayoumia? Ikiwa ni nafsi tu, ifute. Wazazi nao wafurahi mtoto akihitimu, wamshukuru Mola, kisha wamuulize: sasa utamfaa nani?

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Taja masharti matatu ya ushahidi.
2. Kwa nini kauli ya Nabii Yusuf (a.s.) haikuwa majivuno?
3. Jirani anakutangaza kwa cheo usichokuwa nacho. Utafanya nini?

Wabillahi tawfiq.