Ng'ombe Atwetaye Baada ya Kula Nafaka

Wasomaji wetu wa Kibondo na Kasulu, wakati wa mavuno mahindi huanikwa uani, na ng'ombe aliyekata kamba huweza kula mengi kabla hajaonekana. Kesho yake hutweta, na watu husema ameshikwa na homa ya mapafu. Lakini asili ya ugonjwa huu haiko mapafuni, iko tumboni. Na atibuye mapafu akaliacha tumbo huenda akampoteza ng'ombe wake.

Tumbo la kwanza la ng'ombe ni kama mtungi wa pombe. Ndani yake mna vijidudu visivyoonekana kwa macho, ambavyo huchachusha majani polepole. Nafaka ikiingia nyingi kwa ghafula, vijidudu vya namna nyingine huzidi upesi na kutoa asidi kali. Wataalamu hupima uchachu kwa namba: maji safi ni 7, na namba ikishuka, uchachu umezidi. Tumbo la ng'ombe alaye majani huwa kati ya 6 na 7. La aliyeshiba nafaka kupita kiasi huweza kushuka chini ya 5.

Asidi hiyo huingia katika damu, ambayo kwa kawaida huwa karibu 7.4. Damu ina akiba ya chumvichumvi mfano wa magadi, iipunguzayo nguvu asidi. Vitu hivi viwili vikikutana hutoka hewa ya ukaa, nayo hutolewa kwa pumzi. Ndiyo maana ng'ombe huhema upesi: mwili wajitahidi kujiokoa. Akiba hiyo ikiisha, moyo hulegea na pumzi hudhoofika.

Tena, tumbo lililochacha huvuta maji kutoka katika damu. Damu hupungua na kuwa nzito, macho huingia ndani, masikio hupoa, na mkojo huwa haba. Moyo hupiga mbio ili kuifikisha damu hiyo chache mwilini mwote. Shika mshipa ulio chini ya shina la mkia, ukahesabu. Ng'ombe mzima hupigwa na moyo mara 60 hadi 80 kwa dakika; ikipita 100 ni hatari, na ikifika 120 tumaini ni dogo.

Basi, atambuliweje? Mwenye homa ya mapafu hukohoa na mwili wake huwa moto. Mwenye asidi kwa kawaida hakohoi. Tumbo lake hujaa na kutulia, huharisha kinyesi chenye harufu kali, na hupepesuka kama mlevi. Pengine wenzake waliokula naye huugua pamoja.

Ya kufanya ni haya:

1. Mwondoe penye nafaka, umpe majani makavu, wala usimwache anywe maji mengi kwa mara moja.

2. Mwite Bwana Mifugo upesi, usingoje alale chini. Yeye ana dawa za kuzimua asidi na maji ya kutia mshipani. Umwambie alikula nini, na saa ngapi.

3. Usimnyweshe chumvi ya Uvinza ukidhani ni dawa. Chumvi ya kula haizimui asidi.

4. Ukitaka kumlisha mahindi au machicha ya pombe, anza kwa kidogo, ukaongeze kwa muda wa majuma kadhaa.

Mlango wa ghala ukifungwa vema jioni, maradhi haya hayapati nafasi.