SOMO LA KIKUNDI: KUISHI NA KIFAFA – NAFUU SI KUPONA



Kuna magonjwa yanayokuja, yakatibiwa, yakaenda. Malaria ya kawaida ni hivyo: unameza dawa siku tatu, umemaliza. Kuna mengine yanakuja na kukaa. Sukari, presha, pumu, ugonjwa wa akili na kifafa ni ya namna hii. Haya yanataka dawa ya kila siku, na yanataka watu wasiochoka.

Leo tutasoma juu ya kifafa. Tumekichagua kwa sababu kina dawa isiyo ya bei kubwa, na bado wagonjwa wengi wanafichwa nyumbani. Aliye na mgonjwa wa sukari au wa akili asikilize pia, maana mengi yatamfaa.

Kwa kiongozi: Soma sehemu moja moja kwa sauti, kisha wape watu nafasi ya kuuliza. Tafadhali usitaje mgonjwa yeyote wa kijiji chenu kwa jina.

1. KIFAFA NI NINI?

Ubongo hufanya kazi kwa nguvu ndogo ndogo za umeme. Umeme huo ukivurugika ghafla, mtu hushikwa. Anaanguka, anakakamaa, anatupa mikono na miguu, pengine anatoka povu au anajikojolea. Kwa kawaida baada ya dakika moja au mbili inakwisha. Anaamka amechoka, wala hajui lililotokea.

Si kila kifafa ni cha kuanguka. Mtoto anaweza kuduwaa sekunde chache tu, mara nyingi kwa siku, na mwalimu akafikiri ni mvivu.

Tusichanganye mambo. Mtoto mdogo akishikwa na degedege kwa sababu ya homa, hiyo peke yake si kifafa, lakini apelekwe hospitali mara moja. Na kile tunachoita kifafa cha mimba ni ugonjwa mwingine kabisa, unaoletwa na shida ya presha wakati wa ujauzito au baada tu ya kujifungua. Mama huyo akimbizwe hospitali, asingoje asubuhi.

2. KINATOKA WAPI?

Mara nyingi sababu haijulikani. Zile zinazojulikana ni kama hizi:

- Mtoto kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, hasa uchungu ukichukua muda mrefu.
- Malaria iliyopanda kichwani, au homa ya uti wa mgongo.
- Kuumia kichwa, kwa mfano katika ajali ya bodaboda.
- Kiharusi kwa watu wazima.
- Mayai ya tegu wa nguruwe. Mtu mwenye mnyoo huu huyatoa kwa choo. Yakiingia katika maji au chakula cha mtu mwingine, watoto wa mnyoo huweza kusafiri hadi ubongoni.

Basi choo safi, kunawa mikono, kufungia nguruwe, chandarua na kujifungulia hospitali ni kazi za kuzuia kifafa pia.

Kifafa hakiambukizi. Si kwa mate, si kwa povu, si kwa kula sahani moja. Si wazimu, wala si laana ya ukoo. Wengine wanasema ni pepo, na mgonjwa anaambiwa atupe dawa ili aonyeshe imani. Maombi na dawa havigombani. Mtu akikuombea, pokea maombi, lakini dawa usitupe.

3. AKISHIKWA TUFANYE NINI?

- Tulia. Mwondoe karibu na moto, maji au barabara.
- Weka kitu laini chini ya kichwa na ulegeze nguo za shingoni.
- Angalia saa.
- Mtetemeko ukiisha, mlaze kwa upande ili mate yatoke.
- Kaa naye mpaka fahamu zimrudie, na umfunike kama amejikojolea.

Usitie kijiko, kijiti wala kidole mdomoni. Ulimi haumezwi, ni meno yatakayovunjika. Usimkandamize, usimmwagie maji, usimnusishe vitunguu wala moshi wa kiberiti. Usimpe kitu cha kunywa mpaka awe macho kabisa.

Mpeleke hospitali kama amezidi dakika 5, kama anashikwa tena kabla hajapata fahamu, kama ni mara yake ya kwanza, kama ameumia, au kama ana mimba.

4. NAFUU SI KUPONA

Hapa ndipo wengi wanapotelea.

Shirika la Afya Duniani linasema kwamba kati ya watu 100 wenye kifafa, hadi 70 wanaweza kuishi bila kushikwa wakipata matibabu yanayofaa. Lakini katika nchi maskini, watu watatu kati ya kila wanne hawapati matibabu hayo. Si kwamba dawa haijavumbuliwa. Fenobabitoni imetumika tangu mwaka 1912, na mpaka leo ni kati ya dawa za kifafa zenye bei ndogo zaidi.

Tuchukue mfano ambao wauguzi wanaujua sana. Msichana wa miaka 14 anaanza dawa. Mwezi wa kwanza analala darasani, kwa sababu dawa inaleta usingizi mwanzoni. Mwezi wa tatu haanguki tena. Mama anafurahi na kusema, "Mtoto wangu amepona. Mbona niendelee kulipa nauli ya kliniki?" Tembe zinakaa kabatini. Wiki mbili baadaye msichana anashikwa mbele ya mafiga, na mkono unaungua. Majirani nao wanasema, "Si tuliwaambia dawa ya hospitali haifanyi kazi?"

Dawa ilikuwa inafanya kazi. Ndiyo sababu hakuanguka. Dawa ya kifafa ni kama paa: usilibomoe kwa kuwa nyumba haivuji. Tena kuiacha ghafla kunaweza kuleta mshtuko usiokoma, na huo huua.

Kwa hivyo:

- Meza kila siku, saa ile ile, hata ukijisikia mzima.
- Rudi kliniki tembe zikibaki za wiki moja, si siku zikiisha.
- Andika kila mara mgonjwa anaposhikwa: tarehe, saa, dakika ngapi. Daktari hutumia karatasi hiyo kupanga dawa.
- Dawa ikileta vidonda vya ngozi au usingizi mwingi, rudi haraka. Usijipunguzie mwenyewe.
- Msichana au mama anayeweza kupata mimba amwambie daktari. Dawa moja, valproeti, inaweza kumdhuru mtoto tumboni, na nyingine hupunguza nguvu za vidonge vya kupanga uzazi. Asiache dawa, aombe ushauri.
- Kulala vizuri na kuepuka pombe kunasaidia sana.

Je, ni dawa ya maisha? Si lazima. Mtu akikaa miaka miwili au zaidi bila kushikwa, daktari anaweza kufikiria kuipunguza pole pole. Uamuzi huo ufanywe pamoja na daktari.

5. MOYO NAO UNAUGUA

Mtu asiyejua ataanguka lini huishi kwa hofu. Akitolewa shule, akikataliwa kuoa au kuolewa, akipewa kikombe chake peke yake, hofu inageuka huzuni nzito. Wenye kifafa hupatwa na ugonjwa wa huzuni kuliko watu wengine, nao unahitaji matibabu yake.

Angalieni dalili: amekosa usingizi au hamu ya chakula, hataki watu, anasema yeye ni mzigo. Muulize wazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumtii wazo hilo kichwani, kunamfungulia mlango. Usimwache peke yake, na umpeleke kwa muuguzi siku hiyo hiyo. Zamani watu walinyamaza kwa kuogopa polisi, lakini Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba sheria ya kumshtaki mtu aliyejaribu kujiua ni kinyume cha Katiba.

6. KIKUNDI KINAWEZA KUFANYA NINI?

Daktari humwona mgonjwa kwa dakika chache, pengine mara moja kwa mwezi. Siku zilizobaki ni zenu.

- Mchagulieni rafiki wa dawa, mtu mmoja anayekubalika kwake, wa kumkumbusha tembe na siku ya kliniki.
- Tengeni kiasi kidogo katika mchango wa kila mkutano kwa nauli na dawa, hasa mwezi ule dispensari imeishiwa.
- Jengeni meko iliyoinuliwa na yenye ukuta. Mgonjwa asiteke maji mtoni peke yake, asipande paa wala mti. Alale chini au kitanda kifupi.
- Nendeni na mzazi kwa mwalimu mkuu. Mtoto asomeshwe, na walimu wajue huduma ya kwanza.
- Mpeni kazi kikundini. Anaweza kuweka vitabu vya hesabu, kufuga kuku, kushona. Si mgeni wa kuhurumiwa.

Kuna pia chama cha KAWE, kilichoanzishwa mwaka 1982 kwa ajili ya watu wenye kifafa nchini Kenya. Muuguzi au mhudumu wa afya ya jamii anaweza kuwaelekeza kliniki iliyo karibu.

MASWALI YA KUJADILI

1. Katika kijiji chetu watu husema kifafa kinatoka wapi? Maneno hayo yamemsaidia nani?
2. Ni nini hufanya wagonjwa wetu waache dawa: nauli, usingizi, aibu, au kufikiri wamepona? Kikundi kinaweza kuondoa lipi?
3. Watu wawili waonyeshe mbele ya wote namna ya kumsaidia aliyeshikwa.

KAZI YA MWEZI: Kabla ya kuachana leo, kubalianeni ni nyumba gani mtatembelea kwanza, na nani ataenda. Nendeni wawili, kaeni, mle pamoja nao kutoka sahani moja. Mkutano ujao mlete habari.