Babu Zetu Waliamini Nini? Ugumu wa Kuijua Imani ya Kale ya Bondei na Usambara



Hapa Ngamiani, Mbondei, Msambaa, Mzigua na Mdigo wanaishi mtaa mmoja. Mara nyingi kwenye Jumuiya Ndogo Ndogo hutasikia mtu akisema, "Babu zetu waliamini hivi." Mmoja anasema hivyo kutetea tambiko, mwingine kulilaani. Wote wawili huongea kana kwamba walikuwepo. Tujiulize basi: tunajuaje?

Waandishi walikuwa wageni

Wazee wetu wa kale hawakuandika. Mmisionari Krapf alifika Vuga kwa Kimweri ye Nyumbai mwaka 1848, akarudi 1852. Aliona mengi, lakini kwa macho ya mpita njia aliyekuja kutafuta mlango wa Injili. Baadaye Waanglikana wa Magila waliishi na Wabondei miaka mingi na kuandika mila zao, ila waliandika zaidi yale waliyotaka yakome.

Chanzo kikubwa kuliko vyote ni *Habari za Wakilindi*, kitabu cha Abdallah bin Hemedi kilichochapwa Magila. Naye alikuwa Mwislamu na mtu wa utawala. Alitaka kusimulia habari za watawala, si kueleza imani ya mkulima.

Mfano wa kigego

Kitabu hicho kinasema Mbegha, mwanzilishi wa ukoo wa Wakilindi, alinyimwa urithi na jamaa zake huko Nguu kwa sababu alikuwa kigego, yaani aliota meno ya juu kwanza. Wamisionari nao waliandika kwamba watoto wa namna hiyo waliuawa. Mashahidi wawili wasiotegemeana wanakubaliana, kwa hiyo hofu hiyo ilikuwepo kweli.

Lakini tazama: watu walewale waliomwogopa kigego walisimulia kwamba kigego ndiye aliyeua simba na kufanywa mfalme. Mwanahistoria Steven Feierman, katika kitabu chake cha mwaka 1974, alionyesha kuwa simulizi la Mbegha linafafanua maana ya ufalme, si kumbukumbu ya matukio tu. Basi tunajua walichotenda kuliko tunavyojua walichowaza.

Mtego wa maneno

Mzee akitamka "Mulungu", je, anamaanisha alichomaanisha babu wa babu yake? Karne na zaidi ya mahubiri ya Kiislamu na katekesi imepita juu ya neno hilo. Vivyo hivyo mapango ya Amboni: sadaka zinazoachwa humo zinatuambia juu ya watu wa leo, si lazima juu ya watu wa kale.

Tatizo hili si letu peke yetu. Waslavi wa Ulaya Mashariki hawakuacha kitabu hata kimoja cha kuaminika juu ya dini yao ya kale. Habari za mungu wao Perun tunazipata hasa kwa watawa wa Kiev, walioandika zaidi ya miaka 100 baada ya ubatizo wa mwaka 988. Pengo lilipokuwa kubwa, watu walilijaza kwa kubuni, hata kughushi vitabu.

Kwa nini jambo hili lituhusu

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati *Ad Gentes* namba 11, unatutaka tuzigundue kwa furaha na heshima mbegu za Neno zilizofichika katika mila za watu. Huwezi kuigundua mbegu uliyoipanda mwenyewe jana. Anayebuni mila ili ipendeze liturujia anawasingizia wazee, na anayesema yote yalikuwa ya shetani anawasingizia vilevile. Amri ya nane inawalinda marehemu pia.

Mtakatifu Paulo kule Athene alitembea kwanza, akatazama, akasoma maandishi ya madhabahu, ndipo akahubiri (Mdo 17). Nasi tufuate mwendo huo: tuulize wazee wengi, si mmoja, tutenganishe tendo na maelezo yake, tulinganishe mashahidi, na pale ushahidi unapokoma, tunyamaze. Kukubali kwamba hatujui ni sehemu ya kuwaheshimu.

Maswali ya kutafakari

1. Ni mila gani katika ukoo wako unayoiita ya kale? Nani alikuambia, naye aliipata wapi?
2. Je, ni mila ya kuendelezwa, kutakaswa au kuachwa? Toa sababu.
3. Mzee gani unaweza kumtembelea mwezi huu, ukasikiliza kabla ya kufundisha?