Kwa nini Thelma anaanguka?

SWALI: Nimetazama filamu ya Thelma. Madaktari wanasema binti hana kifafa, mbona anaanguka na kutetemeka? Ana mapepo?

JIBU: Filamu hiyo ya mwaka 2017, ya mwongozaji Joachim Trier wa Norwei, inalijibu swali lako taratibu. Rudia tukio la maktaba. Thelma, aliyelelewa katika nyumba yenye dini kali, anasoma. Anja, mwanafunzi mwenzake, anakaa kando yake. Mkono wa Thelma unaanza kutetemeka, ndege wanajibamiza kwenye kioo cha dirisha, naye anaanguka. Kinachomwangusha ni pendo lake kwa Anja, analoliona dhambi. Kila akilizuia, nguvu zake za ajabu hutokea kwingine.

Nguvu ni za kubuni, lakini hali ile ya kuanguka bila kifafa ipo kweli: madaktari huiita mishtuko ya kisaikolojia. Kipimo cha umeme wa ubongo hakionyeshi dalili za kifafa, ila mgonjwa haigizi hata kidogo.

Sasa kumbuka mwanzo wa filamu: baba, akiziogopa nguvu hizo, anamlenga bintiye mdogo kwa bunduki, mtoto akiwa amempa kisogo. Naomba tuitazame hofu hiyo ya mzazi kwa makini, maana ndiyo iliyomfundisha Thelma kujiogopa.