Dondoo muhimu: Kuunga mbao kwa jigi ya matundu ya mshazari
Pima unene wa mbao baada ya kuipiga randa, si kabla. Ile iitwayo inchi moja ikibaki milimita 19, itataka skrubu ya milimita 32. Rekebisha jigi na kola ya keekee kwa kipimo hichohicho cha unene. Toboa upande wa ncha ya ubao, ili skrubu ikaume ubavu wa ubao wa pili. Paina hutaka hesi pana, mninga hesi za karibukaribu.

Paka gundi, kisha bana maungio kwa klempu kabla ya kukaza. Usiruke hatua hii hata kidogo: skrubu huingia kwa mshazari, nayo huusukuma ubao ukateleza. Kichwa cha skrubu kikishakaa, acha. Ukizidisha, mbao itapasuka.