Ninunue kompyuta sasa au nisubiri?

Swali: Mimi ni mwalimu. Laptopu yangu huchukua dakika tano kuwaka. Ninunue nyingine sasa, au nisubiri toleo jipya?

Jibu: Mwalimu, matoleo mapya hayaishi, ukiyasubiri, kazi italala. Kwanza soma jina kamili la prosesa. Ikiandikwa i5-8250U, ile 8 baada ya kistari ni kizazi chake. Windows 11 kwa kawaida hudai Intel ya kizazi cha 8 kwenda juu, na msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Yako ikifikia kizazi hicho cha 8, usinunue: weka SSD badala ya diski ya kuzunguka, ongeza RAM ifike GB 8. Ikiwa chini ya hapo, nunua sasa, hata iliyotumika.