Upatanisho wa Mahali: PA-, KU- na MU-

Katika somo lililotangulia tuliona kwamba kiambishi tamati -ni huigeuza nomino kuwa ya mahali: bustani, bustanini. Ikishageuka, nomino hiyo haifuati tena ngeli yake ya asili. Hupatanishwa kwa PA- (mahali dhahiri), KU- (mahali pa jumla au pa mbali) au MU- (ndani).

Kifungu cha mfano

Kule Kyoto, Japani, kuna hekalu la Ryoan-ji. Hekaluni mle mna bustani ya changarawe nyeupe, na bustanini mna mawe 15. Mgeni haingii humo. Huketi barazani, pale palipotengwa kwa watazamaji. Popote aketipo, jiwe moja angalau hufichika.

Uchanganuzi

(a) Kule, kuna: mji unatajwa kwa jumla, nao uko mbali.
(b) Mle, mna: kitu kimezungukwa na mipaka.
(c) Pale palipotengwa: mahali panaweza kuonyeshwa kwa kidole.
(d) Popote aketipo: tungesema "momote aketimo", mgeni angekuwa ameketi katikati ya mawe, na sentensi ingepingana na ile iliyoitangulia.

Tanbihi kwa mwalimu

Wanafunzi wengi hutumia KU- kila mahali, na mara nyingi hueleweka. Hata hivyo, tofauti hizi si pambo. Linganisha:

Mtoto yupo kisimani.
Mtoto yumo kisimani.

Wa kwanza anateka maji. Wa pili anahitaji kuokolewa. Tuanze na jozi hii kabla ya kutaja kanuni.

Zoezi

Omugo, katika eneo la West Nile nchini Uganda, ilifunguliwa makazi ya wakimbizi kutoka Sudan Kusini mwaka 2017. Tuchukulie kwamba wanafunzi wa huko wamejitolea kutengeneza bustani ya mawe ya Kijapani shuleni, kisha wakawaalika wazazi kwenye tamasha la ngoma tarehe 20 Juni, Siku ya Wakimbizi Duniani. Jaza kiambishi kifaacho, ukitoa sababu:

1. Uwanjani hapa ___mepandwa maua.
2. Mawe yote ya___ ndani ya ua.
3. Kule Sudan Kusini ___nalimwa mtama.
4. Jukwaani pale ___lichezwa ngoma za wenyeji na za wageni.

Sentensi ipi inakubali zaidi ya jibu moja? Eleza jinsi maana inavyobadilika.